Mwenye ndege ndiye mwenye meli

(Haya ni mazungumzo kwa vijana wa mjini wanaotafuta riziki bandarini na ufukweni. Tunayachapa kwa ukamilifu ili na wewe ambaye hukuwepo uyasome, na uyapeleke kijiweni yajadiliwe.)

NDUGU zangu vijana, sikuja hapa kuwahubiria. Nimekuja na swali moja tu, na ninaomba kila mmoja wenu ajijibu kimoyomoyo kabla sijaendelea.

Siku ile unayosikia kwamba meli ya watalii inaingia, unaamka saa kumi alfajiri. Unapiga pasi shati lako moja la heshima. Mwenye teksi anakopa mafuta. Mwenye vinyago anavisugua kwa kiwi ving'are. Papasi wa Unguja anarudiarudia Kitaliano chake cha kuombea maji. Saa kumi na mbili mmeshajipanga nje ya geti la bandari. Askari anawafukuza kama kuku, mnarudi; anawafukuza tena, mnarudi tena. Halafu meli inatokea, nyeupe, ndefu, kama vile mtaa mzima wa Kariakoo umebandikwa juu ya maji. Wote mnashangilia.

Swali langu ni hili: wale watu waliomo ndani, walifikaje kwenye hiyo meli?

Usicheke. Swali hili lina thamani kuliko shati lako na mafuta ya teksi ya jirani yako. Ukilijua jibu lake utajua ni nani hasa anayeishika riziki yako mkononi. Na nakwambia mapema: si nahodha, si waziri, wala si yule askari wa getini.

MELI HAIKUWATOA KWAO

Wengi mtasema walipanda kwao Ulaya. Zamani ilikuwa hivyo. Wazee waliofanya ukuli Kilindini, Unguja na Dar es Salaam walizijua meli za Union-Castle zilizotoka Uingereza, na zile za British India zilizotoka Bombay. Safari ilikuwa ya majuma, si ya masaa.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 zikaja ndege za jeti, na abiria wakahama. Nani akae baharini majuma matatu wakati angani ni siku moja? Meli za abiria zikafa moja baada ya nyingine.

Wenye meli wakakuna kichwa. Wakasema, kama ndege imetunyang'anya abiria, basi ndege hiyo hiyo ituletee abiria. Meli ikaacha kuwa chombo cha kusafiria, ikawa hoteli inayoelea. Ikawekwa kule kwenye jua, na watu wakarushwa kwa ndege kuifuata huko huko.

Mwaka 1970 kampuni ya Royal Caribbean ilipoanza kazi pale Miami na meli yake Song of Norway, haikukaa kusubiri wateja wa Miami peke yao. Iliwaleta kwa ndege kutoka California, upande wa pili kabisa wa Marekani. Wenzao wa Carnival wakaenda mbali zaidi: mwishoni mwa miaka ya 1980 wakawa na shirika la ndege kabisa, Carnival Air Lines. Mwaka 1997 shirika hilo liliunganishwa na kampuni iliyokuwa imechukua jina la Pan Am, na mwaka 1998 ndege zikasimama. Meli za Carnival ziliendelea kwa sababu Marekani ina mashirika mengi ya ndege. Ukikosa hili unapanda lile. Likumbuke jambo hilo, tutalirudia.

Ulaya nako ni hivyo hivyo. Kampuni ya TUI ina meli zake za Marella kwa Waingereza, na ina ndege zake. Abiria anapandia ndege Manchester au Birmingham, anashushwa Palma kule Hispania au Montego Bay kule Jamaika, na meli inamngoja. Tiketi moja, malipo mara moja, na mlipaji hajatia mguu nje ya mji wake.

KWA NINI NDEGE YA KUKODI?

Sasa mtu atauliza: kwa nini wasiwanunulie watu tiketi kwenye ndege za kawaida zenye ratiba? Wapo wanaofanya hivyo. Lakini fanya hesabu nami.

Meli ina abiria 1,200. Juma likiisha hao 1,200 wanashuka na wengine 1,200 wanapanda, siku ile ile, maana jioni meli inaondoka. Meli haikai gatini bure. Kila saa inalipiwa. Ndege aina ya Boeing 737-800, hata viti vikibanwa kabisa, inachukua watu 189. Kwa hiyo unahitaji ndege saba za namna hiyo kuleta watu, na saba hizo hizo kuwarudisha waliomaliza. Kwenye kisiwa kidogo ambako ndege ya ratiba inatua mara tatu kwa juma, viti hivyo utavipata wapi? Huvipati. Inabidi ukodi ndege nzima.

Ndege ya kukodi, kwa lugha ya kijiweni, ni kama daladala iliyokodiwa kupeleka watu harusini. Daladala ya ruti inapita hata ikiwa na abiria wanne, kwa sababu kesho kuna abiria wengine. Ile ya harusi inakwenda anakotaka mwenye harusi, saa anayotaka yeye, na inalipiwa gari zima, wageni waje wasije.

Faida yake ni kubwa. Mizigo inatoka kwenye ndege hadi chumbani melini bila mwenyewe kuigusa. Na ndege ya kampuni ikichelewa, kwa kawaida meli inangoja, maana tumbo ni moja. Ukichelewa kwa tiketi uliyojinunulia mwenyewe, utaikuta bahari tupu.

Lakini hasara yake nayo ni kubwa. Ndege ya kwanza ya msimu inaleta watu na kurudi tupu, kwa kuwa hakuna wa kumrudisha bado. Ndege ya mwisho inakuja tupu kuwachukua waliobaki. Viti vikijaa nusu, gharama ya kila kiti inakuwa mara mbili. Kwa hiyo mwenye kukodi anaangalia jambo moja tu: viti vimejaa au havijajaa? Visipojaa anafuta safari. Na siku harusi ikiahirishwa, daladala ile haiji mtaani kwako hata kwa salamu.

Hapo ndipo unapoanza kuelewa kichwa cha mazungumzo haya. Meli inaweza kuwa nzima, injini safi, wapishi wako jikoni. Bila ndege haina mtu ndani. Na ndege hiyo mwenyewe hajui hata jina la mtaa wako.

MTALII ANA KINGA, WEWE UNA NINI?

Turudi nyuma kidogo. Palikuwa na kampuni Uingereza ikiitwa Court Line. Ilianza mwaka 1905 kama kampuni ya meli. Baadaye ikawa na ndege za kukodi, makao yake Luton, zikiwabeba watalii kwenda kuota jua. Tarehe 15 Agosti 1974, katikati kabisa ya msimu, ikaanguka. Watalii makumi ya maelfu walikuwa nje ya nchi yao, na wengine wengi walikwishalipia safari wasizozipata.

Waingereza walikasirika, na hasira yao ikafika bungeni. Mwaka 1975 ikapitishwa sheria ya kuunda mfuko wa akiba wa kuwalipa wasafiri wa aina hiyo. Kinga hiyo ikaendelea kujengwa mwaka hadi mwaka. Ndiyo maana shirika la Monarch lilipoanguka Oktoba 2, 2017, mamlaka ya anga ya Uingereza ilikodi ndege kuwarudisha watu wapatao 110,000. Na Thomas Cook ilipoanguka Septemba 23, 2019, walirudishwa takriban 150,000. Hakuna aliyelala uwanjani mwezi mzima akiomba nauli.

Ninawapa sifa yao. Wale ni wananchi waliodai haki yao wakaipata.

Lakini hebu angalia upande wa pili. Siku Thomas Cook inaanguka, mtalii aliyeko ufukweni anarudishwa kwao kwa gharama ya mfuko. Je, kijana aliyekuwa amemkopesha mtalii huyo safari ya mashua, ataka kulipwa jioni, analipwa na mfuko gani? Mama aliyekuwa akiuza mboga kwa hoteli kwa daftari, analipwa na nani? Hakuna mfuko. Sheria ile imetungwa kwa ajili ya mlipaji wa tiketi. Wewe hujalipa tiketi, wewe umelipia mafuta ya teksi.

Sisemi Mwingereza atutungie sheria. Ninasema wenzetu walipoumia walikwenda bungeni kwao. Sisi tunapoumia tunakwenda kijiweni, tunakunywa kahawa, tunasubiri msimu ujao.

MOTO KARIBU NA SHELISHELI

Pengine unaona hizi ni habari za Luton na Manchester, mbali huko. Basi sogea karibu.

Februari 27, 2012, meli ya Costa Allegra ilikuwa katika bahari yetu hii ya Hindi, ikitoka Madagaska kwenda Mahé, Shelisheli. Ikashika moto kwenye chumba cha jenereta. Moto ulizimwa, hakuna aliyekufa, lakini umeme ukakatika meli nzima. Abiria zaidi ya 600 na wafanyakazi zaidi ya 400 wakakaa siku tatu katika joto, bila feni, bila chakula cha moto. Iliyowavuta ilikuwa meli ya Kifaransa ya kuvulia jodari, Trevignon. Wakafika Mahé Machi 1.

Sasa ona kilichofuata. Kampuni haikuwa na meli nyingine ya kuwapa. Kwa nini haikupata fedheha kubwa zaidi? Kwa sababu Mahé pana uwanja mkubwa wa ndege. Ndege za kukodi zililetwa, wenye kutaka kurudi wakarudi Ulaya, na waliopenda kubaki Shelisheli wakamalizia mapumziko yao hotelini. Meli ilikufa, lakini biashara ikaokolewa na ndege.

Mfano wa pili ni wa Machi 2020, wakati wa korona. Meli ya Braemar, ya kampuni ya Fred. Olsen, ilikuwa Karibiani na wagonjwa ndani yake. Ikapiga hodi bandari hadi bandari, ikafungiwa milango. Mwishowe Kuba ikasema, njooni. Machi 18 ikafunga gati Mariel, abiria wakapakiwa kwenye mabasi hadi uwanja wa ndege wa Havana, na huko ndege za kukodi zilikuwa zikiwangoja kuwapeleka Uingereza.

Na wafanyakazi wa meli siku zile? Hapo ndipo roho inapouma. Abiria walipokwisha kurudi makwao, vijana wahudumu kutoka Ufilipino, India, Indonesia na kwingineko walibaki melini miezi. Marekani ilikataza wasipande ndege za ratiba. Kampuni ikitaka kuwarudisha ikodi ndege. Kukodi ni ghali. Wengine waliishia kuzungushwa nusu ya dunia kwa meli hadi makwao. Kwa abiria ndege ilipatikana kwa siku, kwa mfanyakazi ikapatikana kwa miezi. Kijana unayeota kazi ya melini, na ni ndoto nzuri, liweke hilo kichwani siku utakapotia saini mkataba. Uliza: nikikwama, nani ananirudisha nyumbani, na kwa fedha za nani? Uonyeshwe kifungu, usiambiwe kwa mdomo.

SOMO LA MOMBASA

Sasa tuje nyumbani kabisa. Kama kuna mji wa Waswahili uliosoma somo hili kwa bakora, ni Mombasa.

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 palikuwa na kampuni ya Waswisi, African Safari Club. Hiyo ilikuwa na kila kitu. Ilikuwa na shirika lake la ndege, African Safari Airways, ambalo kwa miaka lilitumia dege kubwa aina ya DC-10. Ilikuwa na hoteli pale Shanzu na Watamu. Na katika miaka ya 1990 ilikuwa ikiwapeleka wageni wake baharini kwa meli ya Royal Star, iliyotokea Kilindini kwenda Zanzibar na visiwa vya Bahari ya Hindi.

Tazama mpango ulivyokuwa mtamu. Mgeni analipa Ulaya. Anapanda ndege ya kampuni, analala hoteli ya kampuni, anakwenda baharini kwa meli inayouzwa na kampuni, anarudi kwa ndege ya kampuni. Wewe wa Mombasa unakutana naye wapi? Kwenye upenyo mdogo, kati ya basi na hoteli.

Hata hivyo upenyo ule ulilisha watu. Tusiseme uongo. Kulikuwa na wapishi, madereva, wachonga vinyago wa Kikamba, mabaharia, wapiga ngoma. Maelfu ya watoto walisoma kwa fedha ile.

Kisha mambo yakaanza kuja kwa zamu. Agosti 1997, ghasia za Likoni, karibu na uchaguzi. Watalii wakafuta safari. Novemba 28, 2002, bomu la hoteli ya Paradise pale Kikambala. Walikufa Wakenya 10 na Waisraeli watatu. Siku hiyo hiyo makombora mawili yalirushwa kuipiga ndege ya kukodi ya Arkia ilipokuwa ikiruka kutoka Mombasa. Yalikosa, tunamshukuru Mungu. Lakini Mei 2003 Uingereza ikazizuia ndege zake zisije Kenya, hadi Juni.

Baharini nako kukachafuka. Novemba 2005 maharamia wa Kisomali waliishambulia meli ya kitalii Seabourn Spirit ikiwa njiani kuja Mombasa. Aprili 2009 wakaishambulia MSC Melody karibu na Shelisheli. Wenye meli wakaikwepa njia yetu.

Mwishoni mwa miaka ya 2000 ndege za African Safari Airways zikaacha kuruka. Haikuchukua muda, hoteli za Shanzu nazo zikafungwa. Hapo sikiliza vizuri: majengo yalikuwepo, bahari ilikuwepo, mchanga mweupe ulikuwepo, wapishi walikuwepo. Kilichotangulia kukosekana ni ndege.

Haikuishia hapo. Mei 2014 serikali ya Uingereza iliwaonya raia wake kuhusu Mombasa. Papo hapo Thomson na First Choice wakawaondoa wateja wao mamia, na wakafuta safari zote za ndege za Mombasa hadi mwisho wa Oktoba. Uamuzi ulifanyika London na Luton kwa siku moja. Pwani ikalala njaa msimu mzima.

Simlaumu anayeogopa bomu. Ningekuwa baba yake ningemwambia asije. Ninachosema ni kwamba mji mzima ulikuwa umening'inizwa kwenye kamba moja, na ncha ya kamba hiyo imeshikwa na mtu asiye na deni lolote kwetu. Miami ndege moja ikianguka kuna nyingine kumi. Mombasa kulikuwa na mlango mmoja mkubwa, na funguo zake ziko Ulaya.

KODI YAKO, KITI CHA MGENI

Serikali zetu zilifanya nini? Mwaka 2016 Kenya ilianza mpango wa kuzivutia ndege za kukodi: ada za kutua Mombasa na Malindi zikaondolewa, na ruzuku ikatolewa kwa kila abiria anayeletwa.

Mpango kama huo si dhambi. Mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini hebu tuseme ukweli: ada iliyosamehewa ni fedha ya umma, na ruzuku ni fedha ya umma. Maana yake mama muuza mihogo, anayelipa kodi kwenye kila kilo ya sukari, amemchangia mgeni kiti cha ndege. Sawa. Basi mama yule ana haki ya kuuliza amepata nini. Ndege iliahidi kuja misimu mingapi? Ikiacha katikati inarudisha kitu? Mkataba uko wapi tuusome?

Na sisi Tanzania tusijifanye hatuhusiki. Zanzibar hupokea ndege za kukodi kutoka Italia na kwingine Ulaya. Meli za kitalii zinatia nanga Unguja na Dar es Salaam. Kila inapofika moja, wakubwa wanavaa suti, ngoma inapigwa, picha zinatoka. Wanatuambia utalii umepaa. Hakuna anayetuambia kwamba meli nyingi kati ya hizo ni za mpito. Abiria wake walikwenda kuipandia kwingine, kama Cape Town au Morisi. Kwetu inafika asubuhi na jioni imeondoka. Mgeni amekula staftahi ya melini, na chakula cha jioni atakila melini. Katikati hapo kampuni imeshamuuzia matembezi kabla hajashuka.

Tofauti kati ya bandari ya kupita na bandari ya kupakilia ni kama tofauti kati ya kituo cha daladala na stendi kuu. Kwenye kituo abiria anashusha mguu mmoja. Kwenye stendi kuu analala gesti, anakula, ananunua, anabeba. Meli ikibadilishia abiria kwetu, mgeni atalala usiku mmoja au miwili, meli itanunua mboga, samaki, matunda na maji, nguo zitafuliwa, magari yatakodiwa toka uwanjani hadi gatini. Lakini ili ibadilishie abiria kwetu, inahitaji ndege za kutosha zinazotua siku moja, uwanja unaozimudu, na njia ya kufikisha mizigo bandarini bila foleni ya saa nne. Ndiyo maana anayezungumza habari za gati jipya bila kuzungumza habari za ndege anatuchezea kiini macho.

TUFANYE NINI?

Ndugu zangu, nisiwaache na manung'uniko. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Meli ni msala unaopita. Hizi ndizo hatua ninazoziona.

Kwanza, kila ukisikia meli inakuja, uliza mambo matatu. Inapita au inabadilisha abiria? Abiria wake wanaletwa na ndege ya nani? Mkataba wa ndege hiyo ni wa msimu mmoja au mingapi? Ratiba za meli hupangwa mapema kabisa, miezi mingi kabla. Mamlaka ya bandari inazo. Nendeni mkaziombe kwa barua, kwa umoja wenu, na barua ibaki na nakala.

Pili, usikopee msimu. Nimeona kijana anakopa pikipiki kwa ahadi ya meli sita, zikaja mbili. Ukikopa, kopa kwa biashara ambayo mwenyeji wa hapa pia anaihitaji: teksi inayobeba mgonjwa na bi harusi, si inayongoja Mtaliano tu. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, sembuse mtegemea cha asiye nduguye.

Tatu, jiungeni. Dereva mmoja getini ni kero kwa askari. Madereva 40 wenye ushirika uliosajiliwa, bima, bei iliyoandikwa na magari safi ni kampuni, na kampuni inaweza kukaa meza moja na wakala wa meli. Mkikaa mezani daini malipo ya awali. Wenye ndege wanalipwa kabla ya kuruka. Kwa nini ninyi mlipwe baada ya meli kuondoka? Na katika kila malipo wekeni fungu kwenye mfuko wenu wa mwezi mkavu.

Nne, someni. Kazi ya melini inataka cheti cha usalama wa baharini. Chuo cha Bahari Dar es Salaam kinafundisha, na Mombasa kipo Chuo cha Bandari. Wapo vijana wa pwani hii waliokwishaajiriwa kwenye meli hizo. Kuwa melini ukilipwa mshahara ni bora kuliko kuwa getini ukifukuzwa.

Tano, na hili ndilo la uraia, tuwaulize tuliowapa kura. Mkisamehe ada kwa ndege ya kukodi, tuonyesheni mkataba. Wekeni sharti la misimu, wekeni sharti la kununua vyakula na huduma hapa, na wekeni fidia akiacha ghafla. Wenzetu Uingereza walianguka mwaka 1974 na mwaka uliofuata wakawa na sheria. Sisi Mombasa ilianguka 1997, 2003 na 2014. Tunasubiri kuanguka mara ya ngapi?

Mtu wa serikali akikwambia hayo ni mambo ya kitaalamu, mwambie hata sisi tunajua kukodi daladala ya harusi. Tunajua kwamba kabla gari halijatoka mnaandikiana: linakwenda wapi, linarudi saa ngapi, na likiharibika njiani nani anarudisha hela. Kama mjomba wako anaandikiana na mwenye daladala kwa safari ya Chalinze, inakuwaje nchi nzima isiandikiane na mwenye ndege kwa safari ya kutoka Ulaya?

Basi kesho kutwa meli ikiingia, nenda. Usiache riziki yako kwa ajili ya hotuba yangu. Piga pasi shati lako, washa teksi yako, panga vinyago vyako. Lakini wakati wengine wanashangilia ule weupe wa meli, wewe inua macho kidogo uangalie juu, halafu uulize kwa sauti, na askari wa getini asikie: hawa wameletwa na ndege ya nani, na tumeandikiana naye nini?